Fundi Maurice na Mkono wa Akeyo

Maurice Amolo alikuja Eldoret akiwa kijana, kutoka Ugunja, akiijua kazi moja tu, kujenga. Alianza kwa kubeba maji na kuchanganya zege, mpaka akawa fundi wa mawe ambaye watu wa Kiplombe, pembeni mwa mji, humwita wakitaka ukuta ulionyooka. Ni mtu mrefu, mikono mipana, haongei sana. Akiwa kazini anaweka pima maji juu ya jiwe, anaangalia, anagonga kidogo kwa mwiko, anaangalia tena. Jiwe likikataa kukaa sawa analitoa na kuanza upya. Wanaofanya kazi naye wanasema tabia hiyo ndiyo inawachosha.

Mkewe, Linet, anafanya kazi Moiben, mahali wakulima wanapoleta maziwa asubuhi. Yeye ndiye anayeyapima kabla hayajamwagwa kwenye tangi. Wanaishi katika nyumba ya kupanga kwenye ploti ya Mzee Kipyego, mkulima ambaye ng'ombe wake na mahindi yake yako nyuma tu ya nyumba za wapangaji.

Mtoto wao wa kwanza, Akeyo, alizaliwa kwa taabu. Bega lilikwama, na katika kumtoa mishipa ya mkono wa kushoto ikavutika. Alipofika miaka mitatu mkono ule ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake, umepinda kwenye kiwiko, vidole vimejikunja kama vya mtu aliyeshika yai. Akeyo alifanya kila kitu kwa mkono wa kulia. Ule mwingine aliubeba tu, kama vile mtu anavyobeba mwavuli siku ambayo hakuna mvua.

Linet ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki mjini, kwa daktari wa mazoezi ya viungo aliyeitwa Chepngetich. Kule alionyeshwa namna ya kuunyoosha mkono, kuuinua, kuuzungusha. Nyumbani alikuwa anatandika taulo ya bluu kitandani, anamlaza mtoto na kuanza. Baada ya muda Akeyo akawa analia akiiona tu ile taulo, hata kama imeanikwa kwenye kamba.

Mwaka ule mvua za masika zilikuwa nyingi, na nyumba aliyokuwa akiijenga Maurice ikasimama kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amekwama kwa pesa. Wiki hiyo hiyo msichana aliyekuwa akimwangalia Akeyo akarudi kwao kusaidia mama yake aliyekuwa mgonjwa. Linet hangeweza kuacha maziwa ya watu. Kwa hivyo Maurice akabaki nyumbani na mtoto, na mazoezi yakawa yake.

Siku ya kwanza aliyafanya kama kazi ya saiti. Alitandika taulo, akaushika mkono, akaunyoosha vile Linet alikuwa amemwelekeza. Akeyo akapiga kelele, akajipindua, akateremka kitandani na kuingia chini yake. Maurice alimbembeleza kwa uji, kisha kwa ndizi. Hakutoka. Alibaki huko mpaka alipolala, akiwa ameweka kichwa juu ya kiatu cha baba yake.

Linet aliporudi alimkuta Maurice ameketi mlangoni anatazama matope.

"Ni vile huwa," Linet alimwambia. "Hata mimi hunikimbia."

"Basi hiyo njia haitatupeleka mahali."

"Na utafanya nini, Baba Akeyo?"

"Bado sijui. Lakini huo mkono utafanya kazi."

Siku ya kliniki ilipofika, alimbeba Akeyo mwenyewe. Daktari Chepngetich alizoea kuona akina mama, akamtazama mara mbili kabla ya kumkaribisha. Maurice alimweleza habari ya kitanda bila kuficha, kisha akauliza, "Daktari, kuna njia nyingine?"

"Iko. Kwa umri wake, njia nzuri ni mchezo. Mkono unafanya kazi bila yeye kujua kama unafanya kazi. Lakini lazima iwe kitu anapenda. Akeyo anapenda nini?"

Maurice alifungua mdomo akajibu hivi: "Anapenda... anapenda kula ndizi."  Alijua mwanawe anavaa kiatu namba ngapi, alijua anaogopa mbwa wa jirani. Lakini anachokipenda akiwa peke yake, kile anachofanya saa ambazo baba yuko kazini, hakukijua.

Chepngetich hakumcheka. "Mwangalie tu kwanza. Usimfundishe kitu. Mwangalie halafu urudi uniambie."

Maurice akamwangalia. Ilikuwa kazi ngumu kwake, kukaa bila kushika kitu mkononi. Aliona kwamba Akeyo anapenda maji, yawe ya kunywa au ya kumwagika. Anapenda kupika vitu ambavyo si chakula na kuwalazimisha watu wavionje. Anapenda kufuata sisimizi mpaka wanapoingia shimoni, halafu anawafunikia mlango kwa jani ili wasipate baridi. Na kila asubuhi anasimama kwenye ua kuwasalimia ndama wa Mzee Kipyego, mmoja mmoja, kwa majina aliyowapa mwenyewe.

Alianza na kupika. Alichukua unga wa ngano kwenye mkebe, akaongeza chumvi na maji, akakanda donge laini, akaligawa. La Akeyo alilitia rangi kwa maji ya majani ya mchicha mwekundu. Mtoto alifurahi sana. Walitengeneza chapati, nyoka na watu wasio na shingo, wakavipanga mezani. Linet alipoingia jioni na kuona mkebe mtupu, alikaa kwenye stuli bila kuvua koti.

"Baba Akeyo, huo ulikuwa unga wa chapati za Jumapili."

"Nilikuwa nataka ashike kitu laini."

"Sawa. Lakini mimi sitaona chakula kikichezewa katika hii nyumba. Tafuta kitu kingine laini."

Alikuwa na haki, na Maurice alilijua hilo. Kesho yake alichukua jembe na karai, akamshika Akeyo mkono, wakaenda kwa Mzee Kipyego kumwomba udongo.

"Unajenga nini?" Mzee aliuliza.

"Sijengi, Mzee. Ni wa kuchezea na mtoto."

Mzee Kipyego alimtazama mtu mzima mwenye karai, akatazama mtoto, akaonyesha kwa fimbo kichuguu kikubwa upande wa chini wa shamba. "Toa pale. Lakini usikanyage mahindi yangu, na hilo shimo ulifunike, ng'ombe isivunjike mguu."

Udongo wa kichuguu ni mzuri. Hauna mchanga mwingi, na ukikandwa vizuri haupasuki upesi. Maurice aliutwanga, akachekecha kwa wavu wake wa mjengo, akaulowesha usiku kucha chini ya gunia. Wakaanza kufinyanga ng'ombe. Walitengeneza mafahali wenye nundu, ng'ombe wa maziwa wenye matiti makubwa kuliko tumbo, na zizi la vijiti. Watoto wa jirani, Dennis na Cynthia, walisikia habari wakaja, na mama yao alipolalamikia nguo, Maurice aliwavalisha magunia yaliyokatwa matundu ya kichwa na mikono.

Mchezo ulikuwa mtamu. Shida ilikuwa moja. Akeyo alifinyanga ng'ombe wote kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto umelala mapajani kama mgeni. Maurice alimwambia, "Tumia na huu," akamwambia tena na tena, mpaka siku moja Akeyo akamjibu kwa upole, "Huu hautaki, Baba."

Neno hilo lilimchoma. Lakini hakuacha. Daktari Chepngetich alimshauri aupumzishe mkono mzuri kwa muda mfupi kila siku, ili ule mwingine upate nafasi. Maurice alijaribu kuufunga kwa leso, bila kukaza. Akeyo alilia vile vile alivyokuwa akilia akiona taulo, na Maurice akaifungua leso haraka. Alijaribu kumpa pipi, akajaribu kumpa ahadi ya kwenda mjini. Alijaribu pia kunyamaza. Siku kadhaa zikapita hivyo, mvua ikinyesha, udongo ukikauka kwenye karai.

Asubuhi moja yenye baridi alikuwa anamvalisha, na soksi moja ikawa haionekani. Kwa utani tu, iliyobaki akamvisha kwenye mkono wa kulia. Akeyo aliitazama ile soksi ya kijivu. Akakunja vidole ndani yake, akavifungua, mdomo ukafunguka. Akaleta ule mkono karibu na uso wa baba yake.

"Mooo," alisema.

Maurice aliogopa kuharibu.

"Ni ndama," Akeyo akaeleza. "Ana njaa."

"Anakula nini?"

"Nyasi."

"Na nyasi tutamletea na nini? Yeye hana mikono."

Akeyo alifikiri. Alitazama soksi, akatazama mkono wa kushoto. Walitoka nje, akachuchumaa penye nyasi za ukingo wa njia, na polepole, kwa vidole vile vilivyojikunja, akashika jani moja na kuling'oa. Likamwanguka. Akaling'oa lingine. Hilo lilifika mdomoni mwa ndama, na ndama akalitafuna kwa kelele nyingi. Maurice aligeuka akajifanya anatazama paa la choo, kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa.

Tangu siku hiyo ndama akawa mtu wa nyumba. Linet alimshonea vifungo viwili vya macho na masikio ya kitambaa. Kila asubuhi baada ya uji ndama aliamka, na akiwa macho alihitaji kuhudumiwa. Alitaka nyasi na maji kwenye kifuniko cha chupa, na alitaka kusuguliwa mgongo kwa jani la mhindi. Akichoka, au Akeyo akichoka, alivuliwa na kwenda kulala, na hakuna aliyembishia. Maurice naye alivaa soksi yake, akawa ndama mkubwa mpumbavu ambaye kila mara anapotea na lazima atafutwe.

Mvua ilipopungua walihamia nje kabisa. Maurice alimpa Akeyo brashi ya zamani ya rangi na kopo la maji, akamwambia apake ukuta wa mabati na mawe ya msingi. Maji yanaacha alama nyeusi, jua linaifuta, unapaka tena. Brashi ni nene, na wa kulia ukiwa ndani ya ndama, akiinua mkono wa kushoto kupaka juu, bega linafunguka bila mtu kulivuta. Kila siku alichora mstari wa chaki juu kidogo kuliko jana na kumwambia Akeyo, "Bado pale hapajapakwa." Walikusanya majani ya mkaratusi na ya mparachichi, wakayaweka chini ya karatasi za kalenda ya mwaka uliopita na kusugua juu kwa mkaa mpaka mishipa ya jani ikatokea. Cynthia alishika karatasi, Akeyo akasugua, kisha wakabadilishana. Penye dimbwi walijenga bandari ya mawe na kuelesha maganda ya maparachichi.

Wanjohi, fomeni aliyekuwa amefanya kazi na Maurice miaka mingi, alifika siku moja adhuhuri akamkuta amepiga magoti karibu na dimbwi, soksi mkononi, analia kama ndama aliyekwama kwenye matope. Wanjohi alicheka mpaka akashika ua.

"Fundi, mjengo umekuharibu kichwa?"

"Karibu, Wanjohi. Subiri nitoke kwa matope."

Wanjohi alikuwa na habari nzuri. Kulikuwa na kazi kubwa katika mji mdogo wa Ziwa, bweni la shule, mawe mpaka paa. Mafundi wangelala huko huko na kurudi nyumbani mara moja moja. Alimtaka Maurice asimamie kona, kwa sababu kona zake hazina kasoro.

Maurice alitazama Akeyo, aliyekuwa anamkausha ndama kwa jani. "Naweza kuja asubuhi na kurudi jioni?"

"Kutoka hapa mpaka Ziwa kila siku? Utafika saa ngapi? Hapana, huko ni kulala."

"Basi hii sitaweza."

"Maurice. Kwa sababu ya kucheza?"

"Kwa sababu ya huo mkono. Umeanza kushika. Nikiacha sasa utarudi nyuma."

Wanjohi aliacha kucheka. Hakuelewa vizuri, lakini alimjua mtu wake. Mtu anayetoa jiwe mara nne hawezi kubembelezwa. Aliaga akaenda.

Linet hakupokea habari hiyo vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho, akaosha vikombe vyote kabla ya kusema neno.

"Ungeniuliza kwanza."

"Ni kweli. Ningekuuliza."

"Mimi ndiye natoka hapa giza kila siku. Nikirudi ninaona udongo mpaka kwa sufuria. Sijui huwa mnafanya nini."

"Jumapili usipike mapema. Kaa na sisi."

Jumapili baada ya kanisa Linet aliketi kwenye jiwe, amekunja mikono. Akeyo alimletea ndama, akamwambia kwamba amelala na hapaswi kuamshwa kwa kelele. Kisha akamwamsha. Linet alimwona mwanawe akinyoosha mkono wa kushoto kuelekea nyasi, akashika, akaleta. Alimwona akiinua brashi mpaka kwenye mstari wa chaki. Alikuwa amefanya mazoezi yale ya taulo kwa muda mrefu, na alijua ile pembe ya bega. Hakuwahi kuiona ikifika pale bila machozi. Akavua viatu vya kanisa.

"Nipatie na mimi brashi," alisema.

Usiku ule walikubaliana. Maurice angetafuta kazi ndogo ndogo za Kiplombe, na pale alipoweza angeenda na mtoto. Ndivyo alivyofanya. Alipiga plasta, akarekebisha vyoo na ngazi za watu, huku Akeyo akiwa na karai lake dogo la mchanga kando. Simenti hakumruhusu kuigusa hata mara moja, maana inakula ngozi, lakini mchanga na maji vilikuwa vyake, na mwiko wa kijiko. Mwenye nyumba mmoja alimwuliza kama amekuja kujenga au kulea. Maurice alimwambia, "Yote mawili," akaendelea kupima.

Kazi ya Ziwa iliisha bila yeye. Ilipofika Agosti, na baridi yake, walirudi kliniki kwa kipimo. Maurice alienda na matumaini makubwa, pengine makubwa mno. Chepngetich alipima, akamchezesha Akeyo, akaandika. Bega limefunguka vizuri. Vidole vinashika. Lakini kiwiko kilikuwa bado hakinyooki chote, na alisema wazi kwamba huenda kisinyooke kamwe, na kwamba mkono utabaki mdogo.

Maurice aliuliza, "Kwa hivyo tumefanya kazi ya bure?"

"Nani amesema bure? Mwaka jana hangeweza kushika hata kitambaa. Mimi sikukuahidi mkono mpya, Baba Akeyo. Sasa nataka mikono yote miwili ifanye kazi pamoja, mmoja ushike, mwingine utende. Hiyo ndiyo atahitaji maishani."

Njiani kuelekea nyumbani alimbeba mtoto mgongoni mpaka walipofika kwenye ua wa Mzee Kipyego. Hapo akamshusha asalimie ndama. Alijiambia kwamba kiwiko ni kiwiko, na kama hakinyooki basi watafanya kazi na kile kilichopo. Kesho yake alileta kamba na vipande vya mabua ya mahindi vilivyokatwa na kutobolewa, akamfundisha kutunga mkufu, mkono mmoja ukishika kamba, mwingine ukivisha. Vipande vilianguka. Akeyo alikasirika, akatupa kamba. Wakaiacha, wakacheza mengine, wakairudia. Wiki baada ya wiki waliirudia.

Wakati wa mavuno Mzee Kipyego aliwaruhusu watoto kuingia shambani nyuma ya wavunaji. Kulikuwa na maganda ya mahindi kila mahali, makavu na laini, na Linet, aliyekuwa na siku ya kupumzika, akawaonyesha namna bibi yake alivyokuwa akitengeneza wanasesere. Unakunja ganda juu ya gunzi dogo liwe kichwa, unafunga shingo kwa uzi wa ganda, unachana upande wa chini uwe sketi. Dennis alimfungia Cynthia wa kwake. Akeyo hakutaka kufungiwa.

Alilishika gunzi kwa mkono wa kushoto, akalibana kifuani. Kwa mkono wa kulia akazungusha uzi. Gunzi liliteleza, vidole vya kushoto vikalikaza. Akazungusha tena, akaingiza ncha chini, akavuta kwa meno. Mwanasesere alikuwa na shingo iliyokaa upande, lakini alikuwa na shingo. Linet alimshika Maurice mkono bila kumtazama, na wote wawili wakabaki hivyo katikati ya mabua mpaka Akeyo alipowauliza kama wanataka wa kwao.

Sasa Akeyo anasoma chekechea karibu na nyumbani. Mkono wake wa kushoto ni mdogo na kiwiko kimepinda, na watoto wageni huuliza. Anawajibu kwamba ulichelewa kuamka. Anabeba kiti chake mwenyewe kwa mikono miwili. Vifungo vya sweta bado vinamshinda, na kila jioni yeye na baba yake huvijaribu, vya juu kwanza.

Maurice amerudi kwenye kazi kubwa, za karibu tu. Wanjohi humpa kona bado. Lakini Jumamosi mchana haendi popote, na watoto wa ploti wanalijua hilo. Wanakuja wamevaa nguo mbaya. Daktari Chepngetich amewahi kumtumia wazazi wawili watatu waje watazame. Mmoja, baba kutoka upande wa Moiben, alisimama kando na mtoto wake begani, akiwa hajui aanzie wapi, mikono yake mizito kama ya Maurice.

"Anapenda nini?" Maurice alimwuliza.

Yule baba akafikiri, kisha akatikisa kichwa.

"Si kitu. Mweke chini tuone."

Mtoto aliwekwa chini. Alikaa kidogo, akatambaa moja kwa moja mpaka kwenye beseni la Linet lililokuwa na maji ya kuoshea nguo, akapiga maji kwa kiganja. Linet alianza kulalamika kutoka dirishani, akaacha, akaleta sabuni ili watengeneze povu.